Taarifa ya Mbunge na Kalamu ya Karani

Hotuba iliyosomwa na karani mstaafu mbele ya wanachama na wenyeji wa Lupingu, pwani ya Ziwa Nyasa. Imepigwa chapa kwa ombi la wanachama wa milimani ambao hawakuweza kushuka siku ile.



Niliposhuka jana kutoka Ludewa, magoti yalinikumbusha umri wangu katika kila kona ya mteremko, lakini nilipoliona ziwa limetandazwa chini ya milima nikayasahau. Pale ufukoni palikuwa na akina mama wakipakia vyungu katika mtumbwi. Wakanisalimu kwa adabu, kisha mmoja akaniuliza, "Je, Mzee, wewe ndiwe Mbunge?" Nikamwambia sivyo, mimi ni karani tu, tena karani aliyekwisha kustaafu. Akacheka, akasema, "Basi pita salama, Baba, maana tulitaka kukuuliza habari za meli."

Maneno ya mama yule yamenipa mahali pa kuanzia. Yeye alikuwa tayari kumwuliza Mbunge, na akaniacha mimi nipite salama, kwa kuwa karani hana la kuulizwa. Nami nimekuja kusema ya kwamba alikosea kuniacha.

Chama kimeniagiza niseme juu ya jambo hili. Bunge la Bajeti likiisha huko Dodoma, Mbunge hurudi jimboni, huzunguka kata kwa kata, na kuwaeleza watu kazi aliyoifanya na kazi ambayo Serikali imefanya au inakusudia kufanya. Je, taarifa hiyo yafaa isikilizweje? Na sisi watumishi tuna sehemu gani ndani yake? Sitasema kama Mbunge huyu ni mwema au yule si mwema. Hayo ni ya kura, na kura ni siri ya mtu na moyo wake. Tena chama chetu si chama cha siasa.

Tuanze mbali kidogo, kwani vijana wengine wa leo hudhani ya kuwa Mbunge amekuwako tangu kuumbwa kwa milima hii. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, zamani za Gavana Sir Donald Cameron, na kwa muda wa karibu miaka ishirini hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyeketi ndani yake. Mambo yetu yalisemwa na wengine, kwa kadiri walivyodhani na kwa kadiri walivyosoma katika barua za mabwana shauri. Mwaka 1945 ndipo walipoingia Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdieli Shangali wa Machame. Na kabla ya mwaka 1950 akaongezwa Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe, ambaye sisi wa upande huu twaweza kumwita jirani. Yeye baadaye alikuwa Spika wa Bunge tangu 1962 mpaka 1973, na tena tangu 1975 mpaka 1994. Lakini siku zile za kwanza wote waliteuliwa na Gavana. Hawakuchaguliwa na watu, wala hapakuwa na sheria iliyowalazimisha kurudi kwa watu na kusimama mbele yao.

Kura ilikuja mwaka 1958. Sisi tulikuwa katika Jimbo zima la Nyanda za Juu za Kusini, yaani Iringa na Njombe na Mbeya na Rungwe na kwingineko, na kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Miongoni mwa waliochaguliwa walikuwa Bwana John Mwakangale na Bibi Marion Chesham. Lakini apigaye kura alipaswa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa na sheria. Nchi nzima walioandikishwa hawakufika elfu sitini. Fikirini wenyewe, mvuvi wa mbasa au mfinyanzi wa vyungu wa pwani hii angezitoa wapi pauni 150? Basi mjumbe yule hakuwa na deni la maneno kwa Lupingu, kwa kuwa Lupingu karibu yote haikuwa na kura ya kumdai.

Na makarani je? Mwaka 1922 Bwana Martin Kayamba na wenziwe waliunda pale Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, ambacho vyama kama hiki chetu vyaweza kukitazama kama babu. Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London, pamoja na Chifu Makwaia na Bwana Francis Lwamugira, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Angalieni jambo hilo: miaka kumi na minne kabla Mwafrika hajaketi katika Baraza la nchi yake, karani alikuwa amekwisha ketishwa mbele ya kamati ya wakubwa aulizwe hali ya watu wake. Aliulizwa kwa sababu alikuwa anajua, maana karatasi zilipita mikononi mwake.

Mwaka 1953 Serikali ya kikoloni ilitoa Waraka Na. 5, ikawakataza watumishi wasiwe wanachama wa vyama vya siasa, hata Chama cha Waafrika wa Tanganyika kikapungukiwa na watu wake wengi wenye kalamu. Waraka ule umekwisha kazi yake zamani. Lakini mimi nimeona katika maofisi mengi ya kuwa hofu yake imerithiwa kama shamba. Mbunge akitajwa, karani huinama juu ya meza kana kwamba anatafuta sindano. Akiulizwa jambo, hujibu, "Hayo ni ya siasa, mimi ni mtumishi." Ndugu zangu, kuwaambia watu bomba limevunjika siku gani si siasa hata kidogo.

Sasa nieleze kazi ya Mbunge, maana wengi tunamdai asichodaiwa na kumsamehe alichodaiwa.

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara yake ya 63, imelipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge aweza kumwuliza Waziri swali juu ya mambo ya umma. Aweza kujadili makadirio ya kila Wizara katika Mkutano wa Bajeti, ambao huanza mwezi wa Aprili na kwisha mwezi wa Juni, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Hushiriki kutunga sheria. Tena yeye ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la Halmashauri, kwa hiyo lile la Dodoma na lile la Ludewa yote mawili yanamhusu.

Lakini Mbunge hana greda, hana nahodha wala saruji. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara, yaani TANROADS. Barabara za wilaya na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 1017 wa hesabu ya haraka, nisameheni, mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Zahanati ni ya Halmashauri. Gati ni la Mamlaka ya Bandari. Mtu akipeleka shauri la gati kwa bwana wa maji, barua yake itazunguka mpaka karatasi ioze, naye atasema Mbunge amelala.

Kuna na ule Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria mwaka 2009. Fedha yake hupitia Halmashauri, na Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati inayoigawa. Basi akija na mabati ya shule yaliyonunuliwa kwa fedha hiyo, mshukuruni kwa kusimamia, lakini mabati si zawadi yake, ni yenu. Na yule amwendeaye kumwomba mchango wa harusi ya mwanawe, halafu aende nyumbani akilalamika ya kuwa Mbunge hakuuliza swali hata moja juu ya Lupingu, huyo amekwisha pokea swali lake katika sahani ya pilau.

Sasa niingie katika mambo yetu wenyewe, nikianza na lile la yule mama wa vyungu.

Pwani hii, tangu Kyela hata Mbamba Bay, njia yake ni maji. Milima ya Livingstone imesimama nyuma yetu kama ukuta, na mgonjwa, dagaa, vyungu, mahindi ya kununua, daftari za shule, vyote hutazama ziwa. Wazee mnazikumbuka MV Iringa na MV Songea, na mnakumbuka pia miaka ambayo meli haikuonekana, watu wakajitia katika mitumbwi na maboti madogo, upepo wa mwera ukivuma. Hatari ya ziwa hili haihitaji kusimuliwa kwa watu wa Lupingu. Hata meli kubwa ya upande wa pili, Vipya, ilizama mwezi wa Julai 1946 katika mwezi wake wa pili wa kazi, wakafa watu 145. Mwaka 2017 zilipatikana meli mbili za mizigo, MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja ya tani 1,000. Na mwaka 2021 ikaja MV Mbeya II, ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Meli zote tatu zilijengwa chini ya Mamlaka ya Bandari.

Basi Mbunge asemapo katika mkutano, "Serikali imeleta meli," amesema kweli. Lakini mama wa vyungu hakuuliza kama meli imeletwa. Aliuliza habari za meli, yaani itapita siku gani, na isipopita nani atamwambia. Hayo ni maswali mawili mbali kabisa. La kwanza hujibiwa kwa karatasi ya ununuzi. La pili hujibiwa na mtu mmoja tu hapa duniani, naye ni karani wa gatini aandikaye katika kitabu: tarehe fulani ilitazamiwa, haikuja, tarehe fulani ilikuja, haikutia nanga kwa sababu ya mawimbi, abiria kadha wa kadha walirudi nyumbani. Kitabu hicho kikiwapo, Mbunge anacho cha kusema Dodoma. Kisipokuwapo, atasimama na kusema, "Wananchi wangu wanateseka," na Waziri atamjibu kwa heshima ya kuwa Serikali inatambua umuhimu wa usafiri wa majini, kisha mambo yatakwisha hapo.

Jambo la pili ni barabara. Njia ya kutoka Itoni kupita Ludewa mpaka Manda ni kilomita 211 na ushei, na sehemu ya Lusitu mpaka Mawengi, kilomita 50, ilitiwa zege badala ya lami. Watu wengine walinung'unika, wakidhani zege ni ya maskini. Sivyo. Milima yetu ina mvua nyingi na miteremko mikali, na magari ya makaa na chuma ni mazito. Zege huvumilia pale lami inapokunjamana kama mkeka. Sisi wa ziwani twafaidika kwa njia ile hata kama haikushuka kwetu, kwa sababu samaki wa Lupingu hula chumvi zaidi kwa kila siku anayochelewa milimani. Lakini mkisikia katika taarifa neno "barabara ya Ludewa", ulizeni: kutoka wapi mpaka wapi? Kilomita za zege za Mawengi hazimshushi mgonjwa Lupingu.

La tatu ni chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma. Habari hii tumeisikia mpaka watoto wetu wamezaa. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 21 Septemba 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, kwa mtaji uliotajwa kuwa dola bilioni tatu, Shirika likiwa na sehemu 20 katika mia na wageni 80. Ilinenwa ya kuwa utajengwa mtambo wa umeme wa megawati 600. Kisha mashauriano juu ya masharti yakavuta mwaka juu ya mwaka. Na katika muda huo watu wa Mundindi na Nkomang'ombe, ambao mashamba yao yalikuwa yamekwisha kadiriwa, hawakujua kama wapande miti au waache, wajenge au wahame. Fidia ililipwa mwaka 2023, zaidi ya shilingi bilioni 15 kwa watu zaidi ya elfu moja. Hesabuni tangu 2011. Katika miaka hiyo kumi na miwili kila Mbunge wa Ludewa, kila mwaka, alilisema jambo hilo, na kila mwaka lilikuwa katika taarifa. Mtu aliyesikia taarifa bila kupima maneno alidhani chuma kimekwisha kuyeyushwa.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Katika lugha ya Serikali kuna maneno manne ambayo masikioni yanafanana: fedha iliyoombwa, fedha iliyopitishwa, fedha iliyofika, na fedha iliyotumika. Halmashauri huomba. Bunge hupitisha. Hazina hupeleka, pengine yote, pengine nusu, pengine mwezi wa Juni mwaka unapofunga. Kisha yule aliyepewa hutumia, na kutumia nako si kumaliza kazi. Mbunge akisema, "Zimepitishwa milioni kadha kwa zahanati yenu," msipige vigelegele bado, wala msimwite mwongo mwaka ujao mkiona msingi peke yake. Mwulizeni, "Mheshimiwa, katika hizo, zilizofika ni ngapi, na zilifika lini?" Kama hajui, mwenye kujua amekaa nyuma yake na faili mapajani. Mara nyingi huyo ni mmoja wetu.

Lipo na jambo ambalo diwani hawezi kulimaliza, wala Halmashauri. Ni mpaka wa ziwa hili. Wajerumani na Waingereza walipatana tarehe 1 Julai 1890, na tangu hapo wenzetu wa Malawi wameshika ya kuwa mpaka ni ufuko wetu huu, hata maji anayonawa mtoto wa Lupingu ni ya nchi nyingine. Nasi Tanzania twashika ya kuwa mpaka umepita katikati ya maji. Mwaka 2012, kwa sababu ya habari za kutafuta mafuta, jambo hili lilipamba moto, likasemwa Bungeni mwezi wa Agosti na Bwana Bernard Membe aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha likapelekwa kwa wazee waliokuwa marais, Bwana Joaquim Chissano wa Msumbiji akiwa mkubwa wao. Mvuvi wa hapa alisikia kwa redio maneno ya vita, asubuhi yake akaenda kutega nyavu zake kama kawaida kwa kuwa watoto walitaka kula. Jambo kama hilo ndilo la kumwuliza Mbunge hasa. Msimpotezee muda kwa choo cha soko.

Nisimtaje Mbunge yeyote ila mmoja, naye ni marehemu. Bwana Deo Filikunjombe alikuwa Mbunge wa Ludewa tangu 2010. Tarehe 15 Oktoba 2015 helikopta aliyopanda ilianguka katika pori la Selous, wakafa wote waliokuwamo, zikiwa zimebaki siku kumi tu kabla ya uchaguzi. Kura ya Ubunge ya Ludewa ikaahirishwa mpaka Desemba. Wengi hapa mlilia, nami naheshimu machozi hayo. Nataka tukumbuke kazi moja aliyoifanya. Alikuwa makamu mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, na mwezi wa Novemba 2014 yeye pamoja na mwenyekiti wake, Bwana Zitto Kabwe, walisoma Bungeni taarifa ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Nchi nzima ilisimama kusikiliza. Je, wajumbe wale walipata wapi hesabu zile? Ofisi ya Mkaguzi Mkuu ilikuwa imepekua vitabu ikaandika ilichokiona. Nyuma ya sauti mbili zilizosikika redioni walikuwako makarani wa ukaguzi ambao majina yao hakuna ayajuaye, waliokaa usiku wakilinganisha stakabadhi na barua. Wangaliandika "sawa" penye "si sawa", Mbunge wa Ludewa angalisoma "sawa".

Sasa niseme la kwangu mwenyewe, ambalo nimelificha miaka mingi.

Nilipokuwa kijana nilikuwa karani katika wilaya moja, si hii. Mbunge wa huko alikuwa anakuja kutoa taarifa, na ofisi ikaambiwa imtayarishie hesabu za maji katika tarafa moja. Visima vilivyochimbwa vilikuwa sita. Vilivyotoa maji vilikuwa vinne. Kimoja kilikauka, na kimoja pampu yake ya mkono haikuwa na mpini, nao mafundi walikuwa wamekwisha ondoka. Niliandika hivyo. Mkubwa wangu akanirudishia karatasi, akasema, "Fedha ya visima sita imekwisha tumika. Andika sita." Nikamwambia, "Bwana, maji ni ya vinne." Akasema, "Mimi sikukuuliza maji." Nikakaa kwenye taipureta nikapiga: visima vilivyochimbwa 6, vinavyotoa maji 6. Sikutishwa kwa kufukuzwa, sikupewa rushwa. Niliona tu ya kuwa ni kazi ya dakika moja, na saa ya chakula imefika.

Mbunge akaisoma karatasi ile chini ya mwembe, mbele ya watu wengi. Alipofika kwenye sita, mama mmoja mtu mzima akasimama na ndoo tupu mkononi, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hicho cha sita kiko wapi? Nielekeze, nipitie nikirudi." Watu wakacheka sana. Mbunge akawatazama maofisa. Maofisa wakanitazama mimi. Mimi nikaitazama ardhi. Wala hakuna aliyesema neno. Siku hiyo Mbunge aliitwa mwongo kwa uongo uliotoka katika vidole vyangu.

Kama ingaliishia pale, ingalikuwa aibu tu. Lakini karatasi haifi. Hesabu ile ilipanda mkoani, ikapanda Wizarani, na mwaka uliofuata, Mbunge yule alipouliza Bungeni habari za maji ya tarafa ile, alijibiwa kwa hesabu ile ile ya sita, kwa sababu jibu la Waziri huokotwa chini kwetu, kama maji ya mto yanavyotoka katika chemchemi ndogo. Akajibiwa, kwa kifupi, ya kuwa watu wake wana visima vya kutosha. Na kijiji cha mama yule hakikutiwa katika orodha ya matengenezo, maana katika vitabu vya Serikali kilikuwa na maji. Wakaendelea kuchota mtoni. Mvua zilipoanza, kuhara kukaingia, na mimi ndimi niliyetumwa kwenda zahanati kuandika majina ya waliolazwa. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri. Jina la mama yule lilikuwa la tano.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo sikuandika tena hesabu ambayo sikuiona au kuulizia kwa mtu aliyeiona, na kwa tabia hiyo nilichelewa kupanda cheo mara mbili. Sijutii sana, ila mke wangu alijuta kidogo.

Basi nawaomba nini? Kwa wenyeji naomba mkutano wa Mbunge usiwe wa ngoma peke yake. Kaeni siku moja kabla, chagueni mambo matatu, yaandikeni. Andikeni mahali, tarehe na idadi. "Lupingu hatuna dawa" ni kilio. "Zahanati ilikosa dawa ya malaria tangu tarehe fulani mpaka tarehe fulani, na wagonjwa waliorudishwa ni kadha" ni swali ambalo Waziri hawezi kulikwepa kwa maneno matamu. Karatasi iwe na nakala mbili. Moja apewe Mbunge mkononi mbele ya watu, moja ibaki kwa mtendaji wa kata. Swali la Bungeni hupelekwa kwa Katibu wa Bunge kabla, halitupwi kama jiwe, kwa hiyo msisubiri mwezi wa Juni. Na akirudi mwaka ujao, someni nakala yenu kwanza ndipo asome taarifa yake.

Kwa makarani wenzangu: Mbunge akiomba hesabu, mpeni ile iliyo kweli, kwa njia ya mkubwa wenu kama taratibu zitakavyo, na mweke nakala yenye tarehe. Mkiambiwa mwandike sita penye nne, semeni, "Bwana, tafadhali nitilie sahihi." Mara nyingi sita hurudi kuwa nne zenyewe, bila ugomvi. Nasema mara nyingi. Sisemi kila mara. Kuna mtu atakayeumia kwa ajili ya neno hilo, na chama hiki, kama kina kazi yoyote zaidi ya kuchangia misiba, kimsimamie mtu huyo. Jambo hili ningependa Bwana Mwenyekiti alitie katika ajenda ya mkutano mkuu, lipigiwe kura, liandikwe.

Nimeongea na Mwalimu Mkuu hapa, naye amekubali kutoa daftari moja la kurasa mia mbili. Litakaa shuleni. Kila siku ambayo meli inatazamiwa, mtoto wa darasa la saba atashuka gatini na kuandika imekuja au haikuja, saa ngapi, na watu wangapi walibaki. Mama wa vyungu nimempata asubuhi hii, nimemwambia habari hiyo. Ameniuliza kama daftari litamwambia meli ya kesho. Nikasema halitamwambia ya kesho, litasema ya jana. Akafikiri, akaniambia, "Basi andikeni na ya juzi, maana mimi nilikuwapo." Kwa hiyo mstari wa kwanza wa daftari umekwisha andikwa, kwa maneno yake, nami nimetia tarehe.

Mashua ya kunipeleka Manda yaniita, na nahodha asema upepo utageuka kabla ya adhuhuri. Mwenye swali aje nami mpaka ufukoni, tuzungumze tukitembea.